Kutoka Mchango wa Msiba hadi Mkataba wa Pittsburgh: Vyama vya Waslovakia Marekani

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuitikia mwaliko. Leo nawaletea habari za watu ambao walipopanda meli kwenda Marekani, nchi yao haikuwapo kwenye ramani. Waslovakia walikuwa chini ya Hungaria, na serikali ya Budapest ilikuwa imeshazifunga shule zao tatu za sekondari na, mwaka 1875, taasisi ya utamaduni wao, Matica slovenská. Watu hao hao, wengi wao wakulima maskini, walipofika Pennsylvania na Ohio waliunda vyama ambavyo baadaye viongozi wa nchi hawakuweza kuvipuuza. Nami nashikilia kwamba chanzo cha yote hayo ni msiba.

Fikirieni kazi waliyoikuta. Mgodini paa huporomoka, gesi hulipuka. Pennsylvania haikupitisha sheria ya fidia kwa wafanyakazi mpaka 1915. Kabla ya hapo, mjane aliyetaka haki yake ilibidi athibitishe mahakamani, kwa lugha asiyoijua, kwamba kosa lilikuwa la kampuni. Wangapi wangeweza? Kwa hiyo wakaanza kuzikana wenyewe.

Mwaka 1890 ulizaa vyama viwili vikubwa. Februari, mjini Pittsburgh, mwanahabari Peter Rovnianek aliongoza kuundwa kwa Národný slovenský spolok, chama kilichopokea Waslovakia bila kujali dhehebu. Septemba, mjini Cleveland, Padri Štefan Furdek akaanzisha umoja wa Wakatoliki, ambao wote waliuita Jednota tu. Utaratibu wa vyama vya namna hii mtautambua mara moja, maana hata kwetu vyama vya kufa na kuzikana vipo. Mwanachama akifariki, matawi yanaarifiwa, kila mmoja anatoa kiasi kilekile, na familia inakabidhiwa fungu lake. Mgonjwa naye hutembelewa na wajumbe wa tawi, kumfariji na pia kuhakikisha kwamba kweli anaumwa.

Lakini utaratibu huo ulikuwa na kasoro ndani yake. Kijana wa miaka 20 alitoa sawa na mtu wa miaka 45. Chama kikizeeka, misiba inaongezeka, michango inapanda, na vijana wanasita kuingia. Hatimaye ikabidi vyama vya kusaidiana vifuate majedwali ya vifo, yaani hesabu za uwezekano wa kufa kwa kila umri, na kumtoza kila mtu kulingana na umri wake. Wachimba makaa wakajikuta wanaendesha bima, kuchagua mwenyekiti, kukagua hesabu na kuandika kumbukumbu za vikao. Mimi naona hiyo ndiyo shule kubwa kuliko zote walizopata.

Na wanawake msiwasahau. Mwaka 1892, huko huko Cleveland, Anna Hurban aliwaongoza wenzake kuunda umoja wa wanawake Wakatoliki wa Kislovakia. Mama aliyelea watoto na kuwapikia wapangaji nyumba nzima, kifo chake kiliiangusha familia sawasawa na kifo cha mumewe. Wanawake hawa walishika hazina yao wenyewe karibu miaka thelathini kabla katiba ya Marekani haijawahakikishia wanawake haki ya kura mwaka 1920. Kwangu mimi, hapa ndipo historia hii inapopendeza zaidi.

Sasa tuje kwenye mazoezi ya viungo. Sokol, chama cha mazoezi ya viungo cha Wacheki, ilizaliwa Prague mwaka 1862, ikiasisiwa na Miroslav Tyrš na Jindřich Fügner, kwa imani kwamba taifa lililotawaliwa lianze kwa kunyoosha mgongo. Waslovakia wa Marekani waliunganisha matawi yao ya Sokol mwaka 1896, mjini Chicago, wakachanganya mazoezi na bima ndani ya chama kimoja. Kijana aliyekuja kuruka na kuning'inia kwenye vyuma aliandikishwa pia kwenye mfuko wa msiba. Kilele chao kilikuwa slet, halaiki ya mamia ya watu waliovaa sare na kwenda kwa mpigo mmoja. Lakini dini ikawagawa. Wakatoliki waliona chama hakiwapi Kanisa nafasi yake, na Julai 1905, huko Passaic, New Jersey, wakaunda Sokol yao. Mgawanyiko huo uliumiza, ingawa kila upande ulizidi kujenga kumbi na kuvuta watoto.

Mwaka 1907 vyama vikakutana Cleveland na kuunda Ligi ya Waslovakia wa Marekani. Mwishoni mwa Mei 1918, Tomáš Masaryk, kiongozi wa harakati za uhuru, alipokuwa akitafuta uungwaji mkono kwa dola mpya ya Chekoslovakia, ya Wacheki na Waslovakia pamoja, alikutana Pittsburgh na wawakilishi wa Waslovakia na Wacheki wa Marekani. Mkataba waliokubaliana uliahidi Slovakia utawala wake, bunge lake na mahakama zake. Katiba ya Chekoslovakia ya 1920 haikuyatimiza hayo. Ligi haikunyamaza: mwaka 1938 ujumbe wake, ukiongozwa na Peter Hletko, ulivuka Atlantiki na mkataba wenyewe mkononi, ukauonyesha mjini Bratislava, Slovakia, mbele ya umati, na kudai kilichoandikwa.