Jinsi ya Kufuatilia Mteremko Unaosogea na Kukadiria Hatari ya Maporomoko ya Ardhi

Karibu, mtazamaji. Leo tutapima mteremko wenye dalili za kusogea, kisha tutakadiria hatari yake kwa walio chini.

Anza kwa kuukagua mteremko wote, siku isiyo na mvua, ukitokea juu. Tafuta nyufa zilizopinda kama mundu karibu na ukingo wa juu, kuta zilizopasuka, nguzo zilizoinama, na maji yanayochuruzika mahali palipokuwa pakavu. Shina la mti lililopinda lisikutoshe peke yake, kwa kuwa miti hupinda kwa sababu nyingi. Dalili hupata uzito zinapokutana mahali pamoja. Zitie zote kwenye ramani.

Sasa chagua ufa mmoja ulio wazi. Pigilia kigingi kila upande, mbali kidogo na kingo zake, mpaka kisitikisike, kisha pigilia msumari juu ya kila kigingi. Tazama hapa kwa karibu: futi ya chuma inaanzia katikati ya kichwa cha msumari, imekazwa bila kulegea, nasi tunasoma hadi milimita. Futi ya kitambaa haifai, kwa sababu hunyumbuka. Andika tarehe, saa na kipimo, na urudie kwa vipindi vilivyo sawa. Usiingie ndani ya ufa, na usipime wakati wa mvua kubwa au ardhi inaposogea kwa kasi; hakuna kipimo chenye thamani ya kuhatarisha maisha.

Kando ya vipimo hivyo, andika mvua ya kila siku. Maji yanapojaa katikati ya chembe za udongo, shinikizo lake hupunguza msuguano unaozishikilia, na ndiyo maana mteremko uliostahimili mvua ya leo huweza kushindwa na mvua ndogo ya kesho. Wataalamu hupima shinikizo hilo kwa piezomita iliyowekwa ndani ya shimo lililochimbwa.

Ukipata vipimo vya kutosha, chora grafu. Wengi hutishwa na upana wa ufa, ilhali cha kutazamwa zaidi ni kasi. Ufa mpana uliotulia waweza kukaa hivyo miaka mingi. Ufa mwembamba unaopanuka kwa milimita 2 kwa siku, kisha 4, kisha 10, unakupa onyo. Gawanya 1 kwa kila kasi, utapata 0.5, 0.25 na 0.1. Mstari wa namba hizo ukielekea sifuri, pale utakapogusa mhimili wa muda ndipo pa kukadiria siku ya kuporomoka, ingawa makadirio hayo hubadilika kila kipimo kipya kinapoingia.

Inklinomita, kifaa cha kupima mwinamo ndani ya shimo lililochimbwa, huonyesha kina ambacho tabaka linateleza, na rada za setilaiti hugundua msogeo wa milimita katika eneo kubwa, japo uoto mnene huzisumbua. Katika mgodi wa Bingham Canyon, Marekani, mwaka 2013, ufuatiliaji uliwezesha watu kuondolewa kabla ya maporomoko makubwa, na hakuna aliyejeruhiwa. Vajont, Italia, mlima ulipimwa ukisogea kwa miaka kadhaa, lakini mwaka 1963 uliangukia bwawa na wimbi lake likaua watu wapatao 2,000. Vipimo vilikuwepo, walio chini hawakuhamishwa.

Kwa hiyo, unapokadiria hatari, jiulize maswali matatu: kuna uwezekano gani wa kuporomoka, nani na nini vipo kwenye njia ya udongo, na vitaumia kiasi gani. Mteremko dhaifu juu ya pori tupu una hatari ndogo kuliko mteremko wa wastani juu ya shule. Kumbuka pia kwamba tope jepesi la juu huweza kushuka bila kusogea polepole kwanza, na hapo kipimo cha mvua ndicho tegemeo.

Mwisho, amueni mapema, kabla ya msimu wa mvua, ni kasi gani au mvua kiasi gani itawafanya watu waondoke, nani atatoa amri hiyo, na njia ipi itatumika. Njia hiyo ikatize pembeni kuelekea mahali pa juu palipo imara, isifuate bonde.