Yule Sajenti Hana Jina

Mbukwenyi! Wazee wangu, shikamooni. Wengine, habari za jioni.

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie hadithi za vita na mapenzi, na naona walionizoea wameshaanza kutabasamu. Ndiyo, ni kulekule. Nitaanza na riwaya ya Mmarekani Ernest Hemingway, A Farewell to Arms, ya mwaka 1929, halafu filamu ya marubani wa kivita, Top Gun: Maverick, kwa sababu vijana wangu hawaamini kwamba vitu viwili hivyo vinaweza kumuudhi mtu kwa sababu moja.

Hadithi mnaijua. Vita ya Kwanza ya Dunia, luteni Mmarekani wa magari ya majeruhi katika jeshi la Italia, nesi Mwingereza aitwaye Catherine, mvua, mtoto anazaliwa maiti, mama naye anafuata. Watu hulia. Mimi nakwama mapema, jeshi la Italia linaposhindwa na kukimbia kutoka Caporetto, Oktoba 1917.

Magari yamenasa kwenye tope. Luteni Henry, ambaye ndiye msimulizi, ana masajenti wawili waliopewa lifti njiani. Anawaamuru wakate matawi ya kutandika chini ya magurudumu. Wanagoma, wanaogopa adui atawakuta, wanashika njia yao. Anachomoa bastola, anafyatua. Mmoja anaanguka, mwenzake anatokomea. Dereva Bonello anaomba yeye ndiye ammalizie aliyeanguka, anammaliza, na baadaye anajitapa kwamba siku zote alitamani kuua sajenti. Gari lenyewe? Halikutoka! Wakaliacha palepale wakaendelea kwa miguu.

Sasa fungua kurasa chache mbele. Henry anakamatwa kwenye mto Tagliamento na askari wanaowapiga risasi maofisa waliotengana na vikosi vyao. Anajitosa mtoni, anatoroka jeshi, anatangaza kwamba yeye na vita wameshaachana. Na msomaji anatakiwa ashushe pumzi, afadhali kijana wetu amepona. Kosa ni lilelile alilomuulia mwenzake! Sijaona ukurasa ambao Henry anamjutia sajenti yule. Hana jina, hana kwao, hana anayemsubiri.

Mtaniambia, mwalimu, hapo ndipo mwandishi anapoonyesha ukatili wa vita. Nimeambiwa hivyo na watu wenye shahada kunizidi. Ningekubali, kama kitabu kingebaki na deni hilo. Lakini kinachofuata ni hoteli, mashua ya usiku ziwani mpaka Uswisi, theluji, bwana anafuga ndevu. Msiba unaohesabiwa ni wa Catherine peke yake. Na msiniambie Hemingway aliandika alichokiona. Alifika Italia Juni 1918 na Msalaba Mwekundu, akajeruhiwa Julai, hajatimiza miaka 19. Caporetto hakuwepo. Simlaumu kwa hilo, kutunga ndiyo kazi yake, ila msimgeuze shahidi.

Wengine wanauliza, mzee wa Dodoma, tope la Italia linakuwashia nini? Linaniwasha kwa sababu vita ni ileile! Mei 1916 Wajerumani na majeshi ya Waingereza walikuwa wanapigana Kondoa. Julai Waingereza wakaingia hapa Dodoma, wakaishika reli. Walikula nini, wote hao? Ng'ombe wa Wagogo. Mtama na uwele wa Wagogo. Na mizigo ilipanda vichwani mwa vijana wa huku, wengi hawakurudi. Mvua zilipogoma, maghala yalikuwa meupe. Ndiyo Mtunya, njaa ya 1917 mpaka 1920. Makadirio ya wanahistoria yanataja watu kama 30,000 waliokufa, kati ya Wagogo kama 150,000. Yaani Henry na Catherine wanapopumzika kwenye theluji ya Uswisi, mwisho wa 1917 kuingia 1918, huku watu wanachimba mizizi. Wapagazi wetu na sajenti yule ni kundi moja: watu ambao hadithi inawakanyaga ili ipite.

Na Hemingway alikuja! Mwanzoni mwa 1934 alikuwa Babati, hapo juu ya Kondoa, anawinda tandala. Watu wazima wa barabara ile walikuwa wameiona vita ileile aliyojipatia jina kwa kuiandika. Kitabu alichotoa 1935 kilihusu uwindaji, na aliyemsumbua akili ni tandala mwenye pembe ndefu. Haya.

Filamu, kwa haraka. 2022, miaka 36 baada ya ile ya kwanza, na bado adui hana nchi. Kuna kiwanda cha urani cha kulipuliwa, kuna marubani wenye vioo vyeusi usoni, basi. Kwenye kibanda umiza nilikoiangalia, mtafsiri wetu ilibidi awape uraia mwenyewe: mwanzoni walikuwa Warusi, kufika kwenye milima ya theluji wakawa Wakorea. Iceman, rubani rafiki wa shujaa wetu, anazikwa kwa heshima zote. Hao wengine wanadondoka na ndege zao na ukumbi unapiga makofi, mimi nikiwemo, ndege zinapendeza.

Nilikuwa na la kusema kuhusu Catherine, jinsi alivyoandikwa kama mtu asiye na matakwa yake mwenyewe mpaka bwana aseme, na kuhusu Penny, yule mwanamke wa baa kwenye filamu, lakini Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi, maswali. Wewe kijana wa shati la bluu, simama, ila usianze na zile ndege.