Mia Nyekundu na Senti ya 1943

Habari za jioni, ndugu zangu. Sahani inayopita mikononi mwenu ina sarafu tano. Zishikeni, zigeuzeni, zigongeni mezani mkitaka. Ila ile iliyomo kwenye kichupa msiifungue, nitawaambia sababu.

Tuanze na hiyo shilingi mia ya Tanzania, yenye sura ya Mwalimu Nyerere upande mmoja na swala upande wa pili. Mia tunayoijua ni ya njano. Hiyo ni nyekundu. Kijana aliyeniletea alikuwa ameshapiga hesabu ya pikipiki, maana aliambiwa kuna mzungu anazinunua. Mzungu huyo simjui, na kila mwaka namsikia yuko mji mwingine.

Mia yetu ni chuma kilichovishwa koti jembamba la shaba iliyochanganywa na zinki. Zinki ndiyo inayoipa shaba ule unjano. Sarafu ikilala kwenye kitu kichachu, asidi inaanza kuila zinki. Shaba inabaki juu, na shaba kwa asili yake ni nyekundu. Basi.

Nayajua haya kwa kujiharibia mwenyewe. Nilikuwa na senti ishirini ya mwaka 1966, ile ya mbuni, imefubaa kizee vizuri kabisa. Nikaona niing'arishe. Nikailaza kwenye maji ya ukwaju usiku kucha, asubuhi nikaopoa kitu chenye rangi ya ufizi. Hadi leo haijarudi, na kila anayeijua sarafu akiiona anaguna tu.

Nyeusi imeopolewa jaani, ilipitiwa na moto wa taka. Ya kijivu yenye madoa, koti limekwisha, mnachokiona ni chuma chenyewe kinaanza kula kutu. Ya kwenye kichupa imesuguliwa zebaki, hii wanayotumia wachimbaji wadogo wa dhahabu. Zebaki ikikutana na shaba inashikamana nayo, inang'aa kama fedha siku chache, kisha inafifia. Ni sumu, na mvuke wake hauonekani. Mtu akikuuzia sarafu ya namna hiyo, usiisugue kwenye shati uone kama itang'aa zaidi.

Sasa mtasema, kwani hakuna rangi ya kweli? Ipo. Mwaka 1943 Marekani ilikuwa vitani na shaba ilihitajika kwa silaha, kwa hiyo senti zao zikafuliwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Zikawa nyeupe, watu wakazichanganya na sarafu ya senti kumi. Lakini vipande vichache vya shaba vya mwaka uliotangulia vilikuwa vimebaki kwenye mapipa ya kiwandani, vikaingia mashineni pamoja na vya chuma. Zikatoka senti za 1943 zenye rangi ya kawaida, na mwaka ule hiyo kawaida ndiyo iliyokuwa ajabu. Zinazojulikana leo ni kama ishirini hivi.

Moja aliipata mwanafunzi wa miaka 16, Don Lutes, kwenye chenji ya chakula cha shuleni huko Massachusetts mwaka 1947. Akaiandikia Hazina ya Marekani. Akajibiwa kwamba senti zote za 1943 ni za chuma. Akaiweka. Alifariki mwaka 2018, na Januari 2019 senti ile ikapigwa mnada kwa dola 204,000.

Habari kama hizo zikisambaa, matapeli hawalali. Walichukua senti za chuma wakazipaka shaba. Macho hayawezi kuzitofautisha, sumaku inaweza: ya chuma inanasa, ya shaba haigusi. Wengine wakachukua senti ya shaba ya 1948 wakaichonga ile nane ikawa tatu. Hapo sumaku haisaidii, unahitaji lenzi uiangalie tarakimu. Mizani ya sonara nayo usiisahau. Senti ya shaba ina gramu 3.11, ya chuma 2.7 tu. Rangi ya juujuu haibadilishi uzito wa kilichomo ndani.

Kwa hiyo hiyo mia nyekundu niliipitishia sumaku mbele ya yule kijana. Ikanasa tap! Nikaiweka kwenye mizani pamoja na mia ya dukani: sawa. Akanyamaza, akaniuliza nitampa ngapi.

Nikampa mia, ya njano. Hiyo yake nilijaribu kumpa konda asubuhi hii, akaigeuza mara mbili akanirudishia.