Kilemba cha Baba Apewe Nani?

MBWANA: Asalaam aleikum wasikilizaji, karibuni tena. Tunarekodi hapa Chumbageni, Tanga, feni tumeizima ili msikie vizuri, na joto la leo mnalijua wenyewe. Niko na dada Zuhura. Dada, mmemaliza posa salama?

ZUHURA: Salama, kaka Mbwana, alhamdulillahi. Posa ya mdogo wangu wa mwisho, kwetu Makorora. Na pale ndipo nilipoipata mada ya leo. Mshenga wa upande wa mume anatoa bahasha moja moja. Hii mahari ya binti. Hii mkaja wa mama. Akaja kwenye kilemba cha baba, ile zawadi ya baba mzazi wa binti, akainyanyua juu, akauliza, "Hii nimkabidhi nani?"

MBWANA: Lo!

ZUHURA: Uani wanawake walikuwa wanachagua mchele wa pilau. Ungo ukasimama. Kwa sababu baba yetu hajakanyaga nyumba ile miaka 19.

MBWANA: Mkajibu nini?

ZUHURA: Nitafika huko. Kwanza nikupe nilichokisoma baada ya siku ile, maana sikulala. Kuna mwanasosholojia wa Marekani, Paul Amato, aliyefundisha chuo kikuu cha jimbo la Pennsylvania. Mwaka 2005 yeye na Jacob Cheadle walitoa utafiti wa vizazi vitatu. Walitumia mahojiano yaliyoanza mwaka 1980 kwa watu waliokuwa kwenye ndoa, wakafuatwa kwa simu mpaka mwaka 2000. Hao ndio kizazi cha katikati. Wakaulizwa, wazazi wenu waliachana? Halafu watoto wao, waliokwishakuwa watu wazima, wakahojiwa nao.

MBWANA: Kwa hiyo unaitazama talaka ya babu na bibi, kisha unamtazama mjukuu.

ZUHURA: Enhe. Na kwa wastani, mjukuu ambaye babu na bibi yake waliachana alisoma kidogo zaidi, ndoa yake ilikuwa na ugomvi zaidi, na hakuwa karibu na mama yake wala baba yake kama wenzake. Na wengi wao, kaka, hawakuwa wamezaliwa talaka hiyo ilipotolewa.

MBWANA: Subiri. Kitu kilichotokea kabla hujazaliwa kinakufikiaje?

ZUHURA: Kinapitia kwa mtu wa katikati. Yule mtoto wa walioachana ndiye aliyesoma kidogo, ndiye anayegombana sana kwenye ndoa yake au naye anaachana, ndiye asiyeelewana na watoto wake tangu wadogo. Mjukuu anazaliwa humo. Nilipofika hapo niliweka simu chini, maana ni mama yangu kabisa.

MBWANA: Tueleze, kama hutajali.

ZUHURA: Bibi aliachwa, akarudi kwao Pangani. Talaka yenyewe nimeiona, imo kwenye sanduku la kanga. Karatasi ya daftari imekunjwa mara nne, wino umegeuka kahawia, mistari mitatu, na chini majina ya mashahidi wawili. Eda ilipokwisha, babu akaacha kutuma chochote. Mama akaishia darasa la tano, kwa kukosa wa kumnunulia sare. Alipokuja kuolewa mwenyewe, hakuwahi kuona mume na mke wakikosana usiku halafu asubuhi wakanywa chai pamoja. Alijua njia moja tu, kufunga mizigo. Simlaumu. Kwa miaka mingi nilimlaumu, sasa simlaumu.

MBWANA: Pole sana, dada. Lakini nikubishie kidogo, maana hao ni Wamarekani. Pwani yetu talaka si jambo la jana. Pat Caplan, mwanaanthropolojia aliyeishi kaskazini ya kisiwa cha Mafia miaka ya 1960, aliandika jinsi watu wa kule walivyoachana na kuoana tena mara nyingi, na jinsi mtu alivyohesabu ukoo wake kwa baba na kwa mama vilevile. Na mimi nimelelewa hivyo. Babu yangu alikuwa na mtalaka, Ngamiani, Barabara ya 14. Hakumzaa baba yangu. Lakini asubuhi ya Idi, kabla sisi hatujala, tulitumwa kwake na sinia la mahamri na mbaazi limefunikwa kawa. Tulimwita bibi mkubwa. Ukipita mlangoni kwake hukumwamkia, taarifa inafika nyumbani kabla yako. Babu alipofariki alikaa matanga siku zote tatu.

ZUHURA: Lile sinia alilipika nani?

MBWANA: Shangazi.

ZUHURA: Kila mwaka?

MBWANA: Kila Idi, zote mbili. Alipougua mwaka mmoja… kweli, mwaka ule hatukwenda.

ZUHURA: Unaona! Kwenu talaka ilivunja ndoa, undugu ukabaki, kwa sababu alikuwepo mtu aliyeamka saa kumi usiku kukanda unga. Kwetu hakukuwa na mtu huyo. Wifi zake mama walimkata siku ileile alipoachana na baba, na sisi watoto tukakatwa naye. Tunasema damu nzito kuliko maji, lakini hiyo damu kuna mtu anaibeba kichwani kwenye sinia.

MBWANA: Na hiyo kazi haihesabiki popote.

ZUHURA: Ya ndani ya ndoa inahesabika, angalau mahakamani. Kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Ya baada ya talaka, ya kuwaweka watoto na upande wa pili, hiyo ni roho ya mtu tu.

MBWANA: Wapo wanaotusikiliza watasema, basi watu wavumilie wasiachane.

ZUHURA: Hapana, na hapo sitaki nieleweke vibaya. Amato huyohuyo na Alan Booth, mwaka 1997, walionyesha kwamba watoto waliotoka kwenye nyumba za ugomvi mkubwa walikuwa na hali nzuri zaidi wazazi walipoachana kuliko walipong'ang'ania. Walioumia zaidi ni wale ambao nyumba ilikuwa tulivu, halafu siku moja wakaambiwa baba na mama wanaachana. Mwanamke anayepigwa asiambiwe avumilie kwa ajili ya watoto. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 imeandika wazi kuwa mume hana haki ya kumpiga mke, wala mke kumpiga mume.

MBWANA: Na inataka shauri lipite kwanza baraza la usuluhishi kabla ya mahakama.

ZUHURA: Ndiyo, na natamani wale wazee wa baraza, wakishashindwa kupatanisha, waulize na hili. Idi ijayo hawa watoto watakula wapi? Nani atawapeleka kwa bibi yao mzaa baba?

MBWANA: Haya, turudi Makorora. Bahasha iko juu.

ZUHURA: Mama alikuwa chumbani, nyuma ya pazia. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mpelekeeni mwenyewe." Mjomba akapanda basi alasiri ileile mpaka Muheza. Baba akaipokea, hakuifungua. Akauliza mtoto anavaa kiatu namba ngapi, anataka amnunulie cha siku ya nikahi.

MBWANA: Hakujua.

ZUHURA: Alimwacha yuko chekechea. Mjomba naye hajui, akampigia mama, halafu akampa baba simu. Sisi tumekaa mkekani, tunamtazama mama tu. Akanyamaza kitambo, akasema, "38. Lakini asivae cha kisigino kirefu, mguu wake wa kushoto ulivunjika alipokuwa darasa la nne."