Tengiz: Ziwa la Chumvi Linaloishi kwa Mto Nura

Mabibi na mabwana, walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mlioketi huko nyuma, karibuni sana.

Chukueni ramani ya Kazakhstan. Wekeni kidole kwenye mji mkuu, Astana, kisha kiteremsheni kusini-magharibi kama kilomita 150. Hapo katikati ya nyika isiyo na mti mtaliona ziwa Tengiz. Nasema mapema, maana wengi huchanganya: Tengiz ya visima vya mafuta iko mbali sana, karibu na Bahari ya Kaspi. Hii ninayoizungumzia ni ya maji ya chumvi na ndege. Miaka ya neema, eneo lake hukaribia kilomita za mraba 1,600, lakini hakuna mahali kina chake kinapofika mita 10. Sehemu kubwa ni maji ya kina kifupi mno. Upepo ukivuma upande mmoja kwa muda, maji husogea nao na kuacha tope tupu ufukweni.

Nina hoja moja tu ya kuitetea leo. Ukitaka kulilinda Tengiz, anza na mto Nura.

Nura unatoka kwenye vilima vya mashariki, unasafiri karibu kilomita 1,000, kisha unamalizikia hapa. Hauendi baharini. Maji yake yanaingia Tengiz na hayana mlango wa kutokea isipokuwa kwenda juu, kwa jua na upepo. Mvua na theluji ya mwaka mzima pale haizidi sana milimita 300, na joto la kiangazi hunyonya maji mengi kuliko hayo. Maji yanapopaa, madini yaliyokuja na mto hubaki. Ndivyo chumvi ilivyojilimbikiza, sehemu yake ya kawaida kama ya mezani na sehemu nyingine ya salfeti ya sodiamu. Kwa hiyo si maji ya magadi kama ya Natron yetu, ingawa kwa macho mtu anaweza kuyafananisha.

Sasa sikilizeni jinsi mto huo unavyojaa, maana mambo yote yamefungwa hapo. Majira ya baridi nyuzi zinaweza kushuka hadi 40 chini ya sifuri, na theluji inakaa miezi. Mwezi Aprili inayeyuka karibu yote kwa pamoja, wakati udongo wa chini bado umeganda kama sakafu ya saruji. Maji hayana pa kuzama, basi yanakimbilia mtoni. Kwa wiki chache za masika Nura unabeba sehemu kubwa ya maji yake ya mwaka. Baada ya hapo, Tengiz linaishi kwa akiba.

Kabla ya kufika Tengiz, Nura unapita maziwa ya Korgalzhyn, ya maji baridi, yaliyozungukwa na matete marefu. Huko wanataga mwari wa Dalmatia na bata adimu mwenye kichwa cheupe. Hatua chache za kijiografia mbele, unaingia kwenye chumvi ambayo samaki haiwezi. Nami naona hapo ndipo uzuri wa mahali hapa ulipo: maji baridi na maji ya chumvi ni majirani, kila moja lina wake, na ndege anaweza kula huku na kunywa kule.

Kwa kuwa samaki hawapo, uduvi wa chumvi, Artemia, hana mshindani. Mayai yake magumu hustahimili kuganda na kukauka, kisha huanguliwa maji yanapopata joto. Uduvi huyo ndiye karamu ya heroe mkubwa, na rangi iliyomo katika chakula hicho ndiyo inayompaka uwaridi. Heroe wa Tengiz ni miongoni mwa wanaozaliana kaskazini zaidi duniani. Wanafika Aprili barafu ikivunjika. Wanajenga viota vya tope kwenye visiwa vya chini, yai moja kwa kila jozi. Kulalia yai ni karibu mwezi mmoja, na kinda anahitaji zaidi ya miezi miwili kabla ya kuruka. Baridi haimngoji. Asiyeweza kuruka barafu inapoanza, amekwisha.

Na hapa mto unarudi. Maji yakiwa machache, visiwa vinaungana na nchi kavu, mbwamwitu na mbweha wanatembea hadi kwenye viota. Yakizidi wakati mayai yapo, viota vinafunikwa. Heroe anataka kimo fulani cha maji kwa wakati fulani, na kimo hicho kinaamuliwa huko juu kwenye mabwawa na viwanda. Hifadhi ya Korgalzhyn ilianzishwa 1968, na mwaka 2008 eneo hili liliingia katika Urithi wa Dunia pamoja na hifadhi nyingine ya Kazakhstan, Naurzum, kwa jina la Saryarka. Mipaka hiyo ni ya thamani kubwa, ila haikuzuia zebaki ya kiwanda cha kemikali cha mji wa Temirtau iliyochafua Nura kwa miaka mingi ya enzi za Kisovieti, hadi usafishaji mkubwa ulipohitajika.

Nyikani nako kuna swala saiga, mwenye pua nene inayochuja vumbi na kupasha hewa joto. Mei 2015 zaidi ya 200,000 walikufa katikati ya Kazakhstan kwa wiki chache. Bakteria waliokuwa wakiishi ndani yao siku zote waligeuka kuwa sumu katika hali ya hewa ya joto na unyevu isiyo ya kawaida. Tangu hapo wameongezeka upya, hadi mwaka 2023 wakaondolewa kwenye kundi la walio hatarini kabisa.

Nimeulizwa kabla ya mhadhara kama heroe wa Tengiz ndio tunaowaona Nakuru na Manyara. Hapana. Wao wengi hushuka Kaspi na Iran. Anayetufikia ni tai wa nyika. Anataga huko Kazakhstan akila vindi wa ardhini, kisha wengi wao huja Afrika Mashariki, ambako mvua zikianza mnamwona ametua chini anadonoa kumbikumbi. Naye yumo hatarini, na moja ya sababu ziko wazi kabisa: nguzo za umeme za nyikani, ambazo ni mahali pekee pa juu pa kutua, humuua kwa shoti anapokunjua mabawa.