Kabla Hujajiita Mjukuu wa Sultani

Hili nimeshalisema sana na wengine hapa mmelichoka, lakini bado watu wananijia na shajara ya nasaba ya majina sita, fulani bin fulani bin fulani, la sita paap! Sultan Yusuf bin Hassan wa Mombasa. Jamani tupige hesabu. Yusuf alikufa 1638. Kila kizazi tukipe miaka 30, mpaka leo ni vizazi kama 13. Wewe una 6. Hao wengine umewaacha wapi?

Najua mnamtaka kwa sababu ya Agosti 1631, aliingia Fort Jesus akamuua kapteni wa Kireno. Sawa, hata mimi nampenda. Lakini babake Sultan Hassan aliuawa 1614, mtoto akapelekwa Goa, koloni ya Wareno kule India, akalelewa na mapadri wa Kiagustino, akabatizwa Dom Jerónimo, akaoa huko huko, halafu akarudishwa Mombasa kutawala akiwa Mkristo. Sasa mbona hakuna hata mmoja anayeniletea Jerónimo, wote mnaniletea Yusuf tu? Na 1632 keshaihama ngome, yuko baharini anawindana na Wareno hadi anakufa. Watoto alimwachia nani? Mwenye jibu anyooshe mkono. Eh, kimya.

Yule bwana wa nyuma atasema karatasi za Wareno, ambamo habari hizi zimo, ni za adui. Ndiyo, za adui, na adui mwenye hasira anaandika kila kitu, nani kauawa, nani kaponea, nani kasilimu, mashahidi walihojiwa kule Goa na maneno yao yakawekwa. Soma ukijua anakuchukia, lakini soma.

Anza na wewe mwenyewe upande juu mmoja mmoja. Cheti cha babu, hati za wakfu, faili za kadhi, madai ya mashamba yaliyosajiliwa baada ya ile sheria ya ardhi ya 1908, humo utakuta mpaka jirani aliyetoa ushahidi wa mpaka. Uliza nyinyi ni taifa gani, yaani kundi gani katika yale makundi 12 ya Waswahili wa Mombasa. Ukikwama kwa babu wa nne andika umekwama, usimrukie sultani!

Na hizi bin bin tupu, mama zenu wako wapi? Lamu nyumba anapewa binti, kwa hiyo kamtafuteni bibi, huenda ndiye mwenye nyumba.

DNA nilitaka kuigusa ila muda umekwisha, kwa kifupi haitakutajia jina la mtu, msimalize pesa huko.