Jani la Isale Juu ya Kisiki

ANETH: Karibuni tena. Kaka Godi leo kaingia studio kimya, hata salamu nimemdai. Huko Marangu kulikuwaje?

GODLISTEN: Jumamosi tulimzika shangazi. Jumapili baada ya ibada nikapanda kwa miguu kufuata mfongo wa babu, ule mfereji wa maji ninaousema hapa kila mara. Dada, mfongo ni mkavu. Umeota magugu, watu wanapita ndani yake kama njia. Na ndege hondohondo sikumsikia hata mmoja.

ANETH: Pole sana.

GODLISTEN: Pale juu maji yalipochepushwa, ule mringaringa mkubwa umebaki kisiki. Na juu ya kisiki mtu ameweka jani la isale. Bichi, la siku ile ile.

ANETH: Isale kwenye kisiki? Hebu waeleze wasikilizaji wa pwani.

GODLISTEN: Mchagga aliyekukosea akija na isale mkononi, humfukuzi. Unakaa naye, mnamaliza. Isale ndiyo mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, na ndiyo imesimama kaburini kwa babu. Sasa pale nani alikuwa anamwomba nani msamaha?

ANETH: Labda mtoto kachuma akachezea, akaacha.

GODLISTEN: Mtoto haachi isale juu ya kisiki.

ANETH: Watoto wa leo wanaijua isale?

GODLISTEN: Lilikuwa limelazwa katikati, dada. Limelazwa, halikutupwa.

ANETH: Haya, tuseme ni mzee. Bado sikubali. Isale anapelekewa mtu. Kisiki hakisamehi. Toba ni kwa Mungu.

GODLISTEN: Na Mungu alisema nini? Mwanzo 2:15, mtu aliwekwa bustanini “ailime na kuitunza.” Kulima tumelima. Siku ya toba tunataja ulevi, tunataja uzinzi. Chanzo cha maji tumekitaja lini?

ANETH: Ukikitaja, atakayelia ni mama mwenye mzigo wa kuni kichwani. Aliyekuja na mashine na lori hayupo ibadani.

GODLISTEN: Yupo. Anakaa benchi la mbele.

ANETH: Basi mwambieni yeye, msiwabebeshe wote. Mimi nataka kanisa lipande miti. Wakati wa Askofu Shoo, Dayosisi ya Kaskazini ya KKKT, mtoto wa kipaimara alitakiwa kupanda miti. Hiyo ndiyo toba yenye mizizi.

GODLISTEN: Kupanda bila kukiri ni kufunika. Na tunakosea hata kilio. Kila mtu analilia barafu ya Kilimanjaro, kweli kati ya 1912 na 2007 imepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Lakini maji ya mlima kwa sehemu kubwa ni ya msitu. Ukungu unapita, miti inaukamata, unadondoka. Moto ukila msitu wa juu, hakuna wa kuukamata. Oktoba 2020 mlima uliwaka siku nyingi, na Jumapili zile tuliomba mvua tu.

ANETH: Kuomba mvua si kosa.

GODLISTEN: Sikusema ni kosa.

ANETH: Unasema kama ni kosa. Bibi yangu alipikia kuni maisha yake yote, na alikuwa mcha Mungu. Sitamwita mwenye dhambi kwa sababu ya moto wa jikoni.

GODLISTEN: Simwiti yeye. Nasema sisi.

ANETH: Na bibi yumo kwenye hiyo “sisi.”

GODLISTEN: …Yumo. Na babu yumo.

ANETH: Hapo ndipo sikufuati, kaka. Na fundi ananionyesha dakika moja, yale mafunzo matatu niliyoyaandika yabaki daftarini.

GODLISTEN: Niambie hili tu. Ungekuwa wewe, ungeliondoa lile jani?

ANETH: Hapana.

GODLISTEN: Si umesema kisiki hakisamehi?

ANETH: Hakisamehi. Lakini jani si langu.

GODLISTEN: Mwisho wa mwezi napanda tena kujengea kaburi la shangazi. Nitapita pale.

ANETH: Ukikuta la pili, nipigie simu hata usiku.